Istilahi za Uzazi na Afya ya Mwanamke wa Makamo

Istilahi ya tiba ina watumiaji wawili. Wa kwanza ni mtaalamu, ambaye hulitaka neno liwe na mipaka iliyo wazi, lisichanganye dhana hii na ile. Wa pili ni mgonjwa, ambaye hulisikia neno hilo mara moja tu katika chumba cha daktari, akaenda nalo nyumbani, na kwa neno hilo akaamua kurudi hospitali au kutorudi. Katika kuhakiki istilahi tumezoea kumsikiliza mtumiaji wa kwanza. Katika makala haya tunakusudia kuwapima wote wawili, na tumechagua fungu moja la maneno ambalo, kwa maoni yetu, linamhudumia vibaya yule wa pili: maneno ya uzazi yanapotumika kueleza afya ya mwanamke aliyekwisha kuvuka umri wa kuzaa au anayekaribia kuuvuka.

Sababu ya kulichagua fungu hili ni hali halisi ya nchi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja zilikuwa na vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Maana yake ni kwamba wanawake wengi ambao zamani wangekufa kwa matatizo ya ujauzito na kujifungua sasa wanaishi. Wanafika miaka arobaini, hamsini, na zaidi. Lakini mwili hausahau yaliyoupata. Mambo yaliyotokea katika mimba ya ujana huacha alama ambayo hujitokeza tena katika umri wa makamo, na daktari wa leo anahitaji kuyajua. Atayajua kwa njia gani? Kwa kumwuliza mwanamke mwenyewe. Na atamwuliza kwa maneno gani? Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Kifafa cha mimba

Tuanze na istilahi ambayo kila mkunga anaijua. Kifafa cha mimba kimekuwa jina la hali ya hatari ambayo mjamzito hupandwa na shinikizo la damu, kisha akashikwa na mitukutiko na kupoteza fahamu. Kwa hatua hiyo ya mwisho jina halina kosa kubwa, kwa maana mtu anayeitazama huona kitu kinachofanana na kifafa. Kasoro ni kwamba katika vitabu vya mafunzo, mabango na mazungumzo ya kliniki, jina hilohilo limepanuliwa likafunika pia hatua iliyotangulia, yaani ile ambayo shinikizo la damu limepanda baada ya wiki ya ishirini ya ujauzito na viungo kama figo vimeanza kuathirika, lakini mitukutiko haipo. Wanawake wengi waliougua hali hiyo hawakufika kwenye mitukutiko kamwe, kwa sababu walitibiwa mapema.

Sasa tuchukue mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye amekwenda kupimwa. Fomu iliyotafsiriwa kwa uangalifu inamwuliza: Je, uliwahi kupata kifafa cha mimba? Anajibu, kwa uaminifu kabisa: Hapana. Anakumbuka kwamba katika mimba ya pili alilazwa wiki mbili, kwamba aliambiwa presha imepanda, kwamba mtoto alitolewa kabla ya siku zake. Lakini hakuanguka kifafa. Swali limeulizwa, jibu limepatikana, na habari muhimu imepotea. Hasara hiyo si ndogo. Uchunguzi uliokusanya habari za wanawake wengi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mwanamke aliyepata hali hiyo ana uwezekano wa takriban mara mbili, kuliko mwenzake ambaye hakuipata, wa kuugua baadaye maradhi ya moyo au kiharusi, na uwezekano wa mara tatu hadi nne wa kuwa na shinikizo la damu la kudumu. Huyu ndiye mtu ambaye presha yake yafaa ipimwe kila mwaka. Neno limemficha.

Liko jambo la pili. Kifafa ni jina la maradhi mengine, tena maradhi yaliyobeba aibu katika jamii zetu. Kliniki ya kifafa iliyoanzishwa Mahenge na daktari Louise Jilek-Aall mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliwakuta wagonjwa wakitengwa na majirani kwa imani kwamba maradhi yale huambukiza. Mwanamke aliyeambiwa ana kifafa cha mimba ana sababu ya kulinyamazia neno hilo mbele ya wakwe, na kulinyamazia neno ni mwanzo wa kuyanyamazia maradhi.

Huenda msomaji akatupinga kwa mfano wa pepopunda. Atasema: neno hilo lina pepo ndani yake, tena lina punda, wala hakuna muuguzi anayekwenda kumtafuta mganga wa kupunga pepo kwa sababu yake, maana ya asili ya neno huchakaa, likabaki jina tu. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa pepopunda ni ya kweli. Lakini neno huchakaa pale tu ambapo halina mshindani. Hakuna maradhi mengine yaitwayo pepopunda. Kifafa, kwa upande wake, ni neno hai linalotumika kila siku kwa maradhi yake lenyewe, na kila linapotajwa katika uzazi linaivuta maana ile pamoja nalo. Istilahi isiyoweza kujitenga na maana ya jirani yake haijakamilika.

Mwishoni mwa sehemu hii yafaa tukumbushe kwamba mitukutiko hiyo yaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo hata neno mimba katika istilahi hii linadanganya kidogo. Neno la kimataifa, eklampsia, ambalo asili yake ni Kigiriki na maana yake ya kwanza ni mmweko, halisemi lolote juu ya mimba wala juu ya kuanguka. Ni tupu, na katika jambo hili utupu wake ni faida.

Kisukari cha mimba

Katika istilahi hii ya pili, maradhi yenyewe yametajwa sawasawa. Tatizo limo katika kiungo kidogo kabisa, yaani a-unganifu. Walimu wa sarufi wanajua kwamba kiungo hiki hubeba kazi nyingi. Nguo ya Asha ni milki. Nguo ya pamba ni kitu kilichoitengeneza. Nguo ya Idi ni wakati. Msikilizaji huchagua maana kwa kutazama mazingira. Anaposikia kisukari cha mimba, huchagua maana mbili pamoja: ni kisukari kilicholetwa na mimba, na ni kisukari cha wakati wa mimba. Kutokana na zote mbili hupata hitimisho moja: mimba ikiisha, nacho kimekwisha.

Hitimisho hilo ni kweli kwa nusu. Mara nyingi sukari hurudi katika kiwango cha kawaida baada ya kujifungua. Lakini mwanamke huyo anabaki na uwezekano mkubwa wa kupata kisukari cha kudumu cha aina ya pili katika miaka inayofuata. Uchambuzi mbalimbali umeukadiria kuwa mara saba hadi mara kumi ya ule wa mwanamke ambaye hakupata hali hiyo. Kwa sababu hiyo madaktari hushauri apimwe tena wiki chache baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote. Ushauri wa kupima maisha yote umefungwa ndani ya jina linalosema jambo limekwisha.

Hatupendekezi istilahi hii iondolewe. Imekwisha kuenea, tena ni fupi. Tunalokosoa ni desturi ya watafsiri kuiacha peke yake, kana kwamba imejitosheleza. Katika maandishi yanayomwendea mgonjwa, neno hili lisipite bila ya sentensi moja ya kulifuata, inayosema kwamba mwenye kulipata ana deni la kupimwa baada ya mimba. Mtafsiri anayetetea uaminifu kwa matini ya asili, akasema kwamba sentensi hiyo haimo, amekuwa mwaminifu kwa karatasi na kumwacha msomaji.

Kizazi na ndugu zake

Kiswahili kina majina mengi ya kile kiungo ambacho mtoto hukulia: kizazi, mji wa mimba, mfuko wa uzazi, nyumba ya uzazi, tumbo la uzazi. Wingi huu ni utajiri kwa mshairi na ni mzigo kwa mtafsiri, kwa maana katika waraka mmoja kiungo kimoja huweza kuitwa kwa majina matatu, na msomaji akadhani ni viungo vitatu. Neno kizazi lina taabu zaidi. Katika takwimu, vizazi hai ni watoto waliozaliwa wakiwa hai. Katika historia, kizazi ni watu wa rika au zama moja. Katika hospitali, kizazi ni kiungo. Tena kuna kufunga kizazi, ambako ni njia ya uzazi wa mpango, na kutoa kizazi, ambako ni upasuaji mwingine kabisa. Mwanamke anayeshauriwa kutolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe husikia ndani ya neno hilo kwamba ananyang'anywa uzao wake, hata kama ana miaka hamsini na wajukuu wanne.

Lakini kasoro tunayotaka kuisisitiza ni nyingine. Majina yote haya hukitaja kiungo kwa kazi yake moja, nayo ni kuzaa. Kazi hiyo ikikoma, lugha haina jina la kukiita kile kilichobaki. Matokeo yake yanaonekana katika mwaliko wa kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke aliyemaliza kuzaa hujisemea: mimi na mambo ya kizazi wapi na wapi? Ilhali saratani hiyo husababishwa na virusi vya papiloma, hukua polepole kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linahimiza uchunguzi hasa kwa wanawake wa miaka thelathini hadi arobaini na tisa, yaani wakati ambao wengi wao wamekwisha kufunga ukurasa wa kuzaa. Tena kuzaa mara nyingi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari yake. Anayejiona hahusiki ndiye anayehusika.

Ukomo wa hedhi

Hapa istilahi bado inayumba. Wako waandikao kukoma hedhi, wako waandikao ukomo wa hedhi au ukomohedhi, na wako waandikao ukoma hedhi. Hili la mwisho lafaa liachwe mara moja. Ukoma ni jina la maradhi yanayojulikana na kila mtu, na kuliweka mbele ya hedhi ni kuzua uvumi usio na sababu. Ukomo, yaani mpaka au mwisho, ni nomino safi, nayo inaungana vizuri na hedhi.

Hata hivyo, ukomo hutaja nukta moja, na dhana yenyewe ina sehemu mbili. Kwa kipimo cha madaktari, mwanamke huhesabiwa kuwa amefika ukomohedhi anapotimiza miezi kumi na miwili mfululizo bila ya hedhi pasipo sababu nyingine. Wengi hufika huko kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano. Lakini kabla ya hapo kuna kipindi cha miaka kadhaa ambacho hedhi huja na kwenda, joto hupanda ghafla, usingizi huruka, na moyo hupata majonzi yasiyo na kisa. Kipindi hicho hakina jina lililokubaliwa. Mwanamke aliye ndani yake huambiwa ama kwamba bado hajakoma, kwa hiyo hana tatizo, ama kwamba amekoma, kwa hiyo hawezi kupata mimba. La pili ni hatari, kwa maana mimba katika kipindi hicho bado inawezekana. Tunapendekeza kiitwe kipindi cha kuelekea ukomohedhi. Jina ni refu, lakini linasema ukweli: ni safari, na mwenye kusafiri hajafika.

Kuna neno lingine linalostahili onyo. Mwanamke aliyekaa mwaka au zaidi bila ya hedhi, kisha akaona damu, husema hedhi imemrudia. Baadhi ya watafsiri wameuchukua usemi huo na kuutia katika vipeperushi, kwa nia njema ya kusema kama wananchi wasemavyo. Katika jambo hili nia njema inadhuru. Damu inayotoka baada ya ukomohedhi si hedhi. Huenda ikawa ni jambo dogo, lakini pia huenda ikawa ni dalili ya saratani, kwa hiyo yapasa ichunguzwe bila ya kukawia. Ukiiita hedhi, umekwisha kuieleza. Na jambo lililoelezwa halipelekwi kwa daktari. Iandikwe: kutokwa na damu baada ya ukomohedhi.

Matatizo yaitwayo ya uzazi

Msemo kuzaa si kazi, kazi kulea ulikusudiwa kuutukuza ulezi. Haukukusudiwa kutuambia kwamba mwili uliozaa haukufanya kazi. Lakini katika lugha ya kawaida maumivu mengi ya mwanamke wa makamo hujibiwa kwa maneno mawili: ni uzazi. Mkojo unavuja akikohoa, ni uzazi. Kizazi kimeshuka, anahisi uzito akisimama, ni uzazi. Jibu hilo ni la kweli kwa sababu ya maradhi, kwa kuwa misuli na tishu zinazoshikilia viungo vya nyonga hulegea kwa mimba na kujifungua, kisha hulegea zaidi baada ya ukomohedhi. Ubaya wake ni kwamba hutamkwa kama hukumu, wakati hali hizo zina matibabu: mazoezi ya misuli ya nyonga, vifaa vya kuegemeza, na upasuaji.

Katika eneo hili hili tunao mfano mzuri wa istilahi iliyofanikiwa. Uchungu ukikwama na kichwa cha mtoto kikakandamiza kwa muda mrefu, hutokea tundu ambalo mkojo au kinyesi hupita bila ya kizuizi. Kiswahili kilikuwa na neno nasuri, la asili ya Kiarabu, lakini watu wengi walilijua kwa maradhi ya njia ya haja kubwa. Waliohubiri matibabu walichagua neno fistula, wakaliweka redioni na katika mabango, na leo mwanamke anaweza kufika hospitali akisema kwamba ana fistula naye akaeleweka. Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tarehe 23 Mei kila mwaka tangu 2013 kwa ajili ya kuitokomeza. Neno geni liliingia bila ya aibu ya zamani, likampa mgonjwa njia ya kusema. Sisi tunaopenda kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja na lugha za Kibantu, kabla ya kukopa, hatuna budi kuukubali ushahidi huu: mara nyingine neno la kukopa humsitiri mtu kuliko neno la nyumbani.

Tena tusisahau upande wa pili. Si kila alama ya uzazi ni jeraha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 4.3 kwa kila miezi kumi na miwili ya kunyonyesha, na asilimia 7 kwa kila mtoto aliyezaliwa. Kwa upande mwingine, mwanamke ambaye hakuzaa naye ana haki ya kuambiwa habari zake. Lakini sisi tuna magonjwa ya akina mama, daktari wa akina mama, kliniki ya mama na mtoto. Neno mama ni la heshima, nasi hatutaki kuiondoa heshima hiyo. Ila mlango ulioandikwa mama humfanya asiyezaa asite kuingia, na ulioandikwa mama na mtoto humfanya mwenye watoto wakubwa aone kwamba zamu yake imepita. Magonjwa ya wanawake ni maneno yanayotosha.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo haya kwa watafsiri, walimu na watumishi wanaoandika fomu na vipeperushi. Kwanza, kifafa cha mimba kibakizwe kwa hali yenye mitukutiko tu. Hatua iliyotangulia iitwe prieklampsia katika maandishi ya kitaalamu. Pili, katika fomu, mwanamke asiulizwe kwa istilahi, aulizwe kwa tukio: Ulipokuwa mjamzito, uliwahi kuambiwa kwamba presha au sukari imepanda? Tatu, kila waraka uchague jina moja la kizazi na kulishika mpaka mwisho, na mwaliko wa uchunguzi uwataje wazi wanawake waliomaliza kuzaa na ambao hawakuzaa. Nne, tuandike ukomohedhi na kipindi cha kuelekea ukomohedhi, na ukoma hedhi tuuache. Tano, damu ya baada ya ukomohedhi isiitwe hedhi mahali popote.

Huenda mapendekezo mengine yakakataliwa na watu wenye ujuzi kutuzidi, nasi tutayapokea maoni yao kwa shukrani, hasa ya wakunga na wauguzi, ambao huyasikia majibu ya wanawake kila siku. Lakini la pili tunalishikilia kwa nguvu. Kamusi yaweza kusubiri kikao kingine. Mwanamke aliyeulizwa leo kwa neno asilolitambua atajibu hapana leo, na jibu lake litaandikwa.